Nyumba ya Matofali Ng'ambo ya Mto

Lenzi yangu ina uzito wa mtoto wa mwaka mmoja, na mtoto angalau hukua akatembea mwenyewe. Hii haitembei. Nimeibeba kwa bega la kulia mpaka bega limeinama, na fundi anayenishonea nguo hapa Bwera siku hizi haniulizi kitu, anashusha upande mmoja wa gauni kimyakimya. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani nasimulia starehe. Kupiga picha za wanyama na majengo ya zamani, kwa umri wangu na magoti yangu, ni kujitafutia adhabu bila kushtakiwa na mtu.

Nilikuwa mwalimu wa jiografia Kasese mpaka nilipostaafu. Baba yangu aliletwa na reli, wakati reli bado ilikuwa na treni, na katika nyumba za reli tulizungumza Kiswahili, maana kila jirani alikuwa ametoka kwao na lugha yake. Ndiyo maana Lukonzo changu, lugha ya wenyeji, mpaka leo ni cha sokoni: bei, salamu, na matusi mawili matatu ya kujikinga. Treni zilipokoma nikaanza kuipiga picha stesheni, paa lake lililotoboka na popo wake. Kutoka hapo nikaingia kwenye maghala ya pamba, makanisa ya zamani, maduka yenye mwaka wa kujengwa umeandikwa juu ya mlango. Wanyama walikuja baadaye, kwa sababu ukiishi kwetu huwezi kuwakwepa hata ukitaka. Ile lenzi ndefu na kamera yake aliniachia mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Aliniambia ananihurumia kwa kuwa nina kamera ndogo. Sasa naelewa ni nani aliyehurumiwa.

Watu hawaipendi. Nikishuka Kikorongo na kuielekeza kwa swala waliosimama ng'ambo ya barabara, madereva wa malori wanainua mikono juu wakipiga kelele, "Mama, usituue, tuna watoto!" Kule Kabatoro wachimba chumvi walinifukuza kwenye ukingo wa ziwa nikiwa nawavizia korongo, na wala sikuwa nimewatazama wao. Huko Mahango, bibi mmoja alinifuata mpaka barabarani akisema napima shamba lake kwa macho ili niliuze. Nikamwambia, bibi, macho hayana pazia. Akanijibu, "Ya wengine hayana pazia. Yako yana bomba!" Nilicheka njia nzima ya kushuka, ingawa goti lilikuwa linaniua.

Kazi yenyewe ni kungoja, basi. Wanyama unangoja waje, majengo unangoja watu waondoke. Mtu akipita mbele ya ukuta wa zamani na ndoo yake ya plastiki, picha imekwisha; huioni tena miaka ya ule ukuta, unaiona ndoo. Kwa hiyo unasimama, unamngoja amalize shughuli zake aingie ndani, kisha unabonyeza. Wenzangu wachache wenye ugonjwa huu, tukikutana Kasese kunywa chai, hatuzungumzi kingine. Fulani alisubiri arusi nzima iishe ili apate ngazi za kanisa. Mwingine alimngoja mtu aliyelala barazani mpaka jua likazama, na mtu hakuamka.

Nilipohamia Bwera, katika nyumba ndogo niliyoachiwa na baba, nikapata jengo la kungojea karibu na kwangu. Juu ya mji kuna tuta refu, na kutoka pale unaona bonde la mto ambao ndio mpaka, na ng'ambo yake Kongo. Kwenye mteremko wa ng'ambo kulikuwa na nyumba ya matofali mekundu, ya enzi za Wabelgiji, yenye dohani na veranda ya nguzo nne, imezungukwa na mibuni iliyokosa mtu wa kuipogoa. Niliipenda nyumba ile kama mtu anavyopenda jirani asiyemsalimu. Niliipiga wakati wa mvua na wakati wa jua, ikiwa na ukungu na bila ukungu, miaka kadhaa. Mara nyingi palikuwa na mwanamke mzee anayetoka na beseni, anapita mbele ya veranda polepole, anaharibu kila kitu. Nilikuwa namngoja aingie. Alikuwa mzito wa kuingia, yule mama.

Kisha vita ikazidi kule milimani ng'ambo, na watu wakavuka. Wengi walipokelewa na ndugu zao, maana hapa na kule ni watu wamoja, mto tu ndio umepita katikati. Katika chumba cha nyuma cha nyumba yangu akaja kupanga mwanamke mmoja na watoto wake watatu. Alikuwa anauza mawese na unga wa muhogo sokoni Mpondwe, mwembamba, mwenye sauti ya kwaya. Kila Jumapili alikuwa wa kwanza kwenda misa, na mimi Mwanglikana mvivu nilijifanya nimelala asinialike. Aliniita Madamu, kama wanavyowaita walimu wa kike kwao. Hakuwa mtu wa kulia. Alikuwa mtu wa kufagia. Ukimwona anafagia uwanja kwa mara ya pili asubuhi hiyo hiyo, ujue ana jambo.

Siku moja ya mvua alileta sombe, yaani kisamvu, kwenye bakuli, akanikuta nimepanga picha mezani nikijaribu kuchagua za kuwaonyesha wenzangu wa Kasese. Akasimama na bakuli lake mkononi.

"Madamu," akasema, "hii iko kwetu."

Nikamwambia hapana, hii ni nyumba moja ya ng'ambo ninayoipiga kutoka tutani. Akaliweka bakuli chini, akakivuta kiti, akakaa bila kukaribishwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Iko kwetu. Babu alikuwaka mupishi wa ule Mubelgiji. Mubelgiji alienda, babu akabakia. Umu njo nilizaliwa." Alikuwa anazipitia picha moja moja, anazigeuza, anazirudia. "Mama yangu eko wapi?"

"Mama yako?"

"Eko mule. Alikatalaka kukimbia. Madamu, uko na foto mingi hivi, mama yangu eko wapi?"

Loo. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na kiti. Nilimweleza kwa kirefu, kama mwalimu anayejua somo lake limeharibika: kwamba mpiga picha za majengo husubiri watu watoke, kwamba nilimwona mama yake mara nyingi, mzima kabisa, ana beseni, na kila mara nilimngoja aingie ndani ndipo nibonyeze. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa upole ulioniuma kuliko matusi, "Sasa wewe unangojaka nyumba ibakie peke yake? Sababu gani?"

Tukala sombe.

Ilichukua siku kadhaa kuipata habari yote, kwa vipande, wakati anafagia. Yeye alikuwa akiishi mjini Kasindi, chini kule mpakani, akifanya biashara, na Jumapili akipanda kumsalimia mama yake. Vita iliposogea alipanda na watoto wake kwenda kumchukua, ili wavuke wote. Mama akakataa. Si kukataa tu. Alimsimamisha uwanjani mbele ya watoto akamwambia kwamba hakuzaa mtoto mwoga, kwamba anayeliacha kaburi la baba yake si mtu, na kwamba akitoka siku ile asirudi kukanyaga pale tena, hata kwa mazishi. "Hata kwa mazishi," alirudia, akiupiga ufagio chini. Akashuka na watoto analia kwa hasira, akavuka. Tangu siku hiyo hakurudi. Simu ya mama ilikuwa imekufa zamani. Wako watu waliokuwa wanapanda mchana kulima mashamba yao na kushuka kulala mjini, na akiwauliza walikuwa wanamwambia, "Mama yako eko," kisha wanabadilisha maneno.

"Abakie na kahawa yake," alisema. "Anapenda nyumba kupita bajukuu."

Lakini baada ya zile picha hakutulia. Alianza kufagia mara tatu. Mwishowe akanijia mlangoni, mikono nyuma, kama mtoto anayeomba ruhusa ya kutoka nje.

"Madamu, hile mashini yako. Inaweza kuniwonesha mama? Kumuona tu. Siendi kule, alinikatazaka. Nataka kujua kama anakonda."

Basi. Hapo ndipo nilipojua nimepata kazi, na kazi hii sikuwa naweza kuikataa kwa kisingizio cha magoti.

Watu wanadhani lenzi ndefu inaona mbali. Inaona mbali, na inaona pia hewa yote iliyo katikati. Jua likishapanda, joto la bonde linaanza kutetemeka, na nyumba ya matofali inachezacheza kama sufuria ya uji. Kwa hiyo ni lazima uende mapema, na mapema kuna ukungu wa mto. Kati ya ukungu kuondoka na joto kuanza kuna nafasi ndogo, kama ya kunywa chai na kuosha kikombe. Katika nafasi hiyo, mzee wa watu awe ametoka nje.

Asubuhi ya kwanza tulipanda tukakaa juu ya ukungu kama kuku juu ya mayai. Hatukuona chochote. Ulipoondoka, joto lilikuwa limefika tayari. Tukashuka, yeye akaenda sokoni amechelewa, mimi nikalala na chupa ya maji ya moto chini ya goti.

Asubuhi iliyofuata tuliona veranda, na mlango ukiwa wazi, na kuku. Hakutoka mtu. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kulizoea jicho la kamera niliposikia nyuma yangu, "Wewe mama! Simama hapo hapo! Wacha hiyo kitu!"

Askari. Alikuwa mmoja, kijana, uso umejaa usingizi, bunduki imening'inia. Pale juu kulikuwa na kituo chao kidogo cha kulinda mpaka, na mimi miaka yote nilikuwa napiga picha zangu upande wa pili wa tuta, mbali nao. Siku hiyo tulisogea kwa sababu mwenzangu alitaka kuona mlango wa jikoni.

"Hiyo ni mzinga ama ni kamera?"

"Ni kamera, afande."

"Unaangalia nani ngambo?"

Nikafungua kinywa kuanza somo langu la majengo ya zamani, lakini mwenzangu alinitangulia. Alimwambia, "Afande, naangalia mama yangu." Askari akamtazama, akanitazama, akaitazama lenzi. Akaniamuru nikae pembeni, akainama mwenyewe akachungulia. Alikaa pale muda mrefu kuliko ulinzi unavyohitaji.

"Kuku iko," akasema. "Mama hakuna." Akajinyoosha. "Sikia. Mutakuja asubuhi, mutakaa hapa karibu na mimi, hiyo kitu hapana geuza kwa kituo yetu. Na hapana piga kelele ya kuita mutu. Mumesikia?"

Tukasema tumesikia. Wala kuita kusingefaa kitu. Mto ulikuwa unanguruma chini, sauti haivuki. Hilo ndilo lililonichosha kuliko mlima wenyewe. Kwa jicho, nyumba ilikuwa hapo tu. Kwa miguu ni kushuka mpaka mpakani, kuvuka daraja, kujieleza pande zote mbili, kisha kuupanda mlima upya, siku nzima ya mtu mwenye nguvu. Sokoni walishasikia tunachofanya, wakaanza kumtania mpangaji wangu: fimbo ya mbali haiui nyoka, dada! Yeye anawajibu kwamba hana nyoka wa kuua. Akirudi nyumbani anafagia.

Tulikwenda asubuhi nyingine, na nyingine. Nilichoka, sitaficha. Nilichoka hadi nikawa namwonea gere mama wa watu aliyeko vitani, kwamba yeye angalau anakaa kwake. Nilikuwa nasema moyoni, leo ndiyo mwisho, kesho namwambia bega limekataa. Kesho ikifika nakuta ameshanichemshia chai na stendi ya kamera ameshaibeba yeye kichwani, kama kuni.

Asubuhi ambayo alitoka, mimi sikuwa kwenye kamera. Nilikuwa nimekaa chini nimenyoosha mguu, na mwenzangu ndiye aliyekuwa anachungulia. Nilimwona mgongo wake unakauka.

"Eko," akasema.

"Bonyeza!" nikamwambia. "Kile kitufe cha juu, bonyeza!"

Hakubonyeza. Aliinua mkono mmoja polepole, akaushika ule mdomo wa lenzi kwa nje, kama mtu anayeshika shavu. Kisha akamwamkia mama yake. Si kwa kelele, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya chumbani, kwa lugha yao: umeamkaje, mama. Akangoja ajibiwe. Askari alikuwa amesimama nyuma yetu. Akageuka akatazama barabara.

Nilikuwa naanza kujivuta nisimame, nikasikia sauti yake imebadilika.

"Madamu, kuya. Angalia mikono yake."

Nikachungulia. Hewa ilikuwa safi, ile nafasi ndogo ya chai na kikombe. Yule bibi alikuwa amesimama kwenye ukingo wa veranda, amejifunga kitenge kimoja kiunoni, kingine mabegani. Kutoka kwenye nguzo ya veranda mpaka kwenye mlango wa jiko, ng'ambo ya uwanja, palikuwa na kamba. Haikuwa kamba ya dukani. Ilikuwa ya vipande vya vitenge vilivyochanwa na kufungwa fundo kwa fundo, vyekundu, vya njano, vya buluu. Nikafikiri ni ya kuanikia nguo. Yule bibi akaweka mkono juu yake, akashuka ngazi akitanguliza mguu mmoja kupapasa, akaanza kutembea. Mkono mmoja ulikuwa unateleza juu ya kamba, fundo hadi fundo. Mwingine ulikuwa mbele yake, vidole vimetanuka. Kuku alipita miguuni mwake na yeye akasimama, akageuza kichwa upande wa sauti, akangoja apite.

"Haoni," nikasema, na neno likanitoka kabla sijalipima.

Mwenzangu alikuwa ameketi chini. Nilidhani atalia, na nilikuwa tayari kwa hilo, nina leso. Badala yake alianza kuhesabu mambo kwa sauti ndogo, kama mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda. Kwamba mama yake alikuwa akimwambia moshi wa jikoni unamwumiza macho. Kwamba Jumapili akifika alikuwa anamkuta ameketi hapo hapo barazani, na mama anauliza "Ni wewe?" kabla ya kumwamkia, na yeye akadhani ni utani. Kwamba mama alimpa sindano amtungie uzi. Kwamba siku ile ya matusi, mama alisimama uwanjani akimnyoshea kidole na kumfokea, na kidole kilikuwa kimeelekezwa kwa mtoto mkubwa.

"Nilizania ni hasira," akasema. "Nilizania hasira njo inamutetemesha kidole."

Askari alikuja akachuchumaa, akamuuliza kuna nini. Nikamweleza mimi. Akavua kofia, akaivaa tena. "Sasa si uende umuchukue?" akasema, kwa ukali ule ule wa kazi yake, kama vile tulikuwa tumekosea mstari.

Aliondoka kesho yake pamoja na wale wanaopanda kulima. Watoto akaniachia mimi, mzee mzima niliyedhani nimemaliza kulea. Sitasimulia zile siku. Watoto walikula, walioga, waliuliza. Nilipanda tutani kila asubuhi peke yangu, stendi begani upande wa kushoto na lenzi upande wa kulia, nikimwambia Mungu maneno ambayo hayamo kwenye kitabu cha sala. Sikusubiri mtu aondoke kwenye picha, wala sikuwaza picha. Nilikuwa naogopa. Nilikuwa naogopa kuona mlango umefungwa, na nilikuwa naogopa zaidi kuona umefunguliwa na mtu nisiyemjua.

Asubuhi nilipowaona, walikuwa wametoka wote wawili. Binti alikuwa na furushi mgongoni. Alikwenda jikoni akaifungua ile kamba upande wa pili, akaja nayo anaikunja mpaka kwenye nguzo, akaifungua na hapo. Ncha moja akampa mama yake, nyingine akajizungushia kiunoni. Bibi alisimama kidogo pale uwanjani bila kamba yake mbele, amegeuza uso huku na huku. Kisha binti akaanza kutembea, na kamba ikakaza, na mama akafuata. Wakaingia kwenye mibuni. Nilikaa nikitazama mibuni mpaka joto likaanza na kila kitu kikawa maji. Askari akanigusa bega na kuniambia, "Mama, enda nyumbani. Pika. Watakuja na njaa."

Walifika siku ya pili yake jioni, miguu imevimba wote. Bibi alikuwa mdogo kuliko nilivyomjua. Lenzi inakuza watu. Alinipa mkono, akaushika wangu muda mrefu, akaupapasa mpaka kiwiko, akasema jambo ambalo binti alinitafsiria kwamba nina mkono wa mtu anayebeba vitu vizito. Watoto walimrukia. Alijua kila mmoja kwa kumgusa kichwa.

Huwaulizi maswali waliotoka safari kama hiyo. Nilingoja. Ni sokoni, siku nyingine, wakati namsaidia kufungasha unga, ndipo mpangaji wangu aliponiambia mwenyewe, bila kuulizwa.

"Nilimuuliza kule juu. Mama, sababu gani ulinitukana vile, mbele ya batoto? Aliniambia: ungejua kama sioni, ungenibeba. Na batoto nani angebabeba?"

Akafunga mfuko wa unga, akavuta kamba kwa meno, akamhudumia mteja. Mimi nilikwenda nyuma ya kibanda nikasimama huko kidogo, natazama ukuta ambao hauna historia yoyote.

Sasa wako watano chumba cha nyuma, pamoja na bibi. Daktari wa macho amesema jicho moja pengine litaona, lingine hapana, tunangoja zamu ya upasuaji. Asubuhi bibi anakaa uwanjani kwenye kiti, mimi kwenye kingine karibu naye, tunakunywa chai bila lugha. Mimi nasema salamu zangu zote za sokoni, zikiisha namtajia bei za nyanya. Anacheka sana.

Juzi binti aliniomba picha ya mama yake. Ya kweli, alisema, uso. Nami nikasema naam, mwishowe! Nikaingia ndani nikatoa lenzi kwa sababu ndiyo ninayoijua, ile kamera ndogo nilishaigawa. Bibi akaelezwa. Akarekebisha kilemba, akaweka mikono magotini, akainua uso vizuri upande wangu, karibu kiasi kwamba ningeweza kumfuta chembe ya unga shavuni.

Lakini lenzi ndefu haiwezi kumwona mtu aliye karibu. Inataka nafasi, chini ya hapo kila kitu ni ukungu tu. Kwa hiyo nikainuka kwenye kiti, nikaanza kurudi nyuma. Hatua chache. Bado ukungu. Nikapita ufagio, nikapita jiko la mkaa, nikaendelea kurudi nyuma nikikokota mguu wangu mbaya kwenye changarawe, mpaka nikafika kwenye ua. Uso wake ulikuwa unaanza kutulia kwenye kioo, mkunjo mmoja mmoja, nilipoona midomo yake inatikisika. Alikuwa anamuuliza binti yake jambo. Alisema kwa sauti ya kawaida, bila lawama, kama anavyouliza kama chai ina sukari. Lukonzo changu ni cha sokoni, lakini hilo nililielewa lote.

"Na huyu naye anakimbia?"

Binti alikuwa ananitazama mimi. Na bibi alikuwa bado ameinua uso vizuri, ametulia, anakitazama kiti changu kitupu.

Nikaiacha lenzi pale uani, kwenye vumbi. Nikarudi njia yote, nikakaa, nikamshika mkono.